Akili Anauliza, Kisha Anasubiri
Mhadhara kwa walimu wa madarasa ya awali na wazazi, Moshi

 

Mmeniomba nizungumze habari za shujaa. Katika mji huu lingekuwa jambo jepesi kumsimamisha mbele yenu Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani kule Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Yeye anastahili heshima hiyo, na wapo wanaomsimulia vizuri kuliko mimi. Mimi nimekuja na mtoto wa miaka minne. Hajawahi kuzaliwa, maana amechorwa. Anaitwa Akili, na anaishi na familia yake chini ya mlima huu huu tunaouona tukifungua dirisha.

Mliolea watoto katika miaka kumi iliyopita mnamfahamu. Kwa wengine, niseme kwa kifupi. Kipindi kinaitwa Akili and Me. Kinatengenezwa na Ubongo, asasi ya Dar es Salaam iliyoanzishwa mwaka 2013 na Nisha Ligon, Rajab Semtawa, Cleng'a Ng'atigwa, Tom Ng'atigwa na Arnold Minde. Walianza na Ubongo Kids, katuni ya hesabu na sayansi iliyorushwa na TBC1 kuanzia Januari 2014, ambamo wahusika kama Kibena na Kiduchu walitoa maswali na mtoto akaweza kujibu kwa ujumbe mfupi wa simu ya mzazi wake. Akili alikuja mwaka 2016 kwa ajili ya wale walio wadogo zaidi, ambao hawajui kuandika kwenye simu. Kila usiku akilala anaingia mahali panapoitwa Lala Land, na huko anakutana na marafiki zake, Happy Hippo, Little Lion na Bush Baby. Wanahesabu, wanatambua herufi, wanachora, wanajifunza maneno ya Kiingereza. Kisha anaamka.

Ndiyo hadithi yote. Hakuna upanga wala jitu la kuuawa.

Binti yangu alikuwa na miaka minne kipindi hiki kilipoanza. Tulikuwa tukiishi Kibosho, na king'amuzi tulikuwa nacho tangu mitambo ya zamani ya analojia ilipozimwa mwaka 2013. Asubuhi moja alisikia kwamba Akili anakaa chini ya Mlima Kilimanjaro. Aliacha uji mezani, akatoka hadi uani, akasimama akitazama. Kilele cha Kibo kilikuwa wazi. Aliporudi aliniuliza, "Mama, Akili anakaa Kibosho au Uru?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alibaki amesimama na kijiko mkononi akingoja jibu, na mimi nikaona aibu, kwa sababu swali lake lilikuwa na maana kamili. Ukiambiwa mtu anakaa chini ya mlima, na wewe unakaa chini ya mlima huo huo, basi huyo ni jirani. Jirani ana njia ya kumfikia. Mimi katika utoto wangu sikuwahi kumwona mtoto wa kwenye picha ambaye ningeweza kuuliza anakaa kijiji gani.

Nilizaliwa wakati Tanzania Bara haina televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, ya rangi, tangu miaka ya 1970, lakini sisi huku tulisubiri hadi mwaka 1994. Nakumbuka seti ya kwanza katika mtaa wa shangazi yangu hapa Moshi mjini, na jinsi watoto tulivyosimama dirishani kwa nje tukigombania nafasi. Katuni tulizoziona zilikuwa za wanyama waliopigana na kuanguka kutoka kwenye majabali. Zilichekesha, na sizichukii hata leo. Ila hapakuwa na mtu ndani yake aliyetuona pale dirishani.

Kuna jambo jingine la utoto wangu ambalo lazima niliseme, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini mwanamke mzima anampenda katuni. Nilipokuwa darasa la tatu nilinyoosha mkono nikauliza: kwa nini theluji iko juu, karibu na jua, na huku chini Moshi, mbali na jua, kuna vumbi na joto? Mwalimu aliona namchezea. Nilipigishwa magoti mbele ya darasa mpaka kengele ilipolia. Sitaji shule wala mwalimu, na nimeshamsamehe, maana naamini naye alikuwa hajui jibu na hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba kutojua si fedheha. Lakini sikunyoosha mkono tena kwa miaka mingi.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma habari za Johannes Rebmann. Mmisionari huyu Mjerumani aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika alichokiona. Kule London mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, alimpinga miaka na miaka. Hoja yake ilikuwa kwamba theluji haiwezi kudumu karibu na ikweta. Nilifunga kitabu nikakaa kimya. Swali lililonipigisha magoti lilikuwa limewagawa wasomi wa Ulaya. Na jibu lake si refu: hewa ya juu ni nyepesi, haishiki joto, na kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Kibo ina mita 5,895. Hata mtoto wa darasa la tatu angeweza kuipiga hesabu hiyo, kama angeruhusiwa kusimama.

Sasa nirudi kwa Akili, mniruhusu nikae hapa kidogo, maana ndipo penye kiini cha niliyonayo.

Akili ni shujaa wa kutojua. Anaingia Lala Land akiwa na jambo asilolielewa, analisema mbele ya kila mtu, na hakuna anayemcheka. Kisha anafanya jambo ambalo mara ya kwanza nilidhani ni kasoro ya televisheni yetu. Anageuka, anamtazama mtoto aliye nje ya kioo, anamuuliza. Halafu ananyamaza. Mwanangu alikuwa akipiga kelele, "Tatu! Ni tatu!" na ndipo Akili anaendelea, kama vile amesikia.

Nilikuwa mwalimu wa awali kwa zaidi ya miaka kumi wakati huo. Nikajiuliza, mimi hunyamaza lini? Siku iliyofuata nilijichunguza darasani. Niliuliza swali, na kabla mtoto hajafungua kinywa nilikuwa nimeshamtaja mwingine, au nimejibu mwenyewe. Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili lilipimwa Marekani tangu miaka ya 1970 na Mary Budd Rowe. Aligundua kuwa walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Walipozoeshwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na hata wale ambao kwa kawaida hukaa kimya wakaanza kusema.

Sekunde tatu! Jaribuni kuzihesabu sasa hivi, polepole. Ni ndefu. Mbele ya darasa la watoto hamsini zinaonekana kama saa. Nilijifunza kuzivumilia kwa kumtazama msichana wa kuchorwa.

Wapo watakaosema mtindo huo wa kuuliza na kunyamaza umetoka ng'ambo, kwa kuwa vipindi vya watoto vya Marekani viliutumia mapema zaidi. Mimi nasema hapana, au tuseme si huko tu. Bibi zetu walianzaje hadithi? "Hadithi, hadithi!" Kisha wakasubiri. Kama hatukujibu "Hadithi njoo!" kwa sauti ya kutosha, bibi hakuendelea. Aligeuza ndizi motoni, akakohoa, akaita tena. Pwani wanasema "Paukwa!" na bila "Pakawa!" hakuna kitakachopauka. Fanani alihitaji kinywa cha mtoto ili hadithi itembee. Tulikuwa na ufundi huu jikoni kwetu, gizani, moshi ukituchoma macho. Tulipoingia darasani tukauacha mlangoni. Akili ameurudisha kwa njia ya umeme.

Je, kipindi hiki kinafundisha kweli, au ni mapenzi yangu tu? Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake walifanya utafiti Morogoro kwa watoto zaidi ya 500, na matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kundi moja lilitazama Akili and Me, jingine likatazama vipindi vingine. Watoto wa Akili walifanya vizuri zaidi katika kuchora, kutambua maumbo na namba, kuhesabu, na maneno ya Kiingereza. Nafurahi kwamba kuchora kulikuwamo. Kushika penseli ni kazi kubwa kwa mkono wa miaka minne, na sisi mara nyingi tunaihesabu kuwa mchezo.

Tena angalieni mwaka aliokuja Akili. Januari 2016 elimu bila ada ilianza kutekelezwa kwa mujibu wa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na madarasa ya awali yalifurika. Mnakumbuka. Watoto walikaa sakafuni, wengine dirishani. Ilikuwa neema, na ilikuwa mzigo mzito kwa mwalimu mmoja. Sikumwona Akili kama mshindani wangu. Nilimwona kama msaidizi aliyefika bila kuitwa. Na shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 kwa sababu ya korona, hadi za msingi zilipofunguliwa tena tarehe 29 Juni, nilipita kwa jirani zangu nikawakuta watoto wa nyumba nne wamekaa mbele ya televisheni moja, na mama mwenye nyumba akiwa kapiga magoti, safari hii kwa hiari yake, akihesabu nao maharage kwenye ungo.

Tuna methali isemayo "akili nyingi huondoa maarifa." Ina hekima yake kwa mtu mzima mwenye kiburi. Lakini nimewasikia wazazi wakiitumia kumziba mdomo mtoto anayeuliza mara ya tatu. Kwa wasichana ni zaidi. Mvulana mwenye maswali huitwa mwerevu, msichana mwenye maswali huitwa mjuaji. Ndiyo maana nathamini kwamba waliomchora mtoto huyu walimfanya msichana, na wakampa jina ambalo katika methali ile linasemwa kwa kukemea. Sasa kila siku watoto wanaliita kwa furaha. Katika darasa langu alikuwapo msichana ambaye hakusema neno tangu Januari hadi Aprili. Siku aliyozungumza alisema, "Mimi ni Akili," kisha akaniuliza kwa nini kuku ana miguu miwili na mbuzi ana minne. Nilisubiri sekunde zangu tatu, na yeye akaendelea, "Kwa sababu kuku ana mabawa."

Kuna mashujaa wengine wa kike waliochorwa Afrika Mashariki. Mwaka 2021 watoto walianza kumtazama Super Sema, msichana wa Kiafrika anayepambana na roboti dhalimu aitwaye Tobor kwa kutumia sayansi na ubunifu. Lupita Nyong'o alishiriki katika kuitengeneza na kuipa sauti. Nampenda Sema, na watoto wa miaka minane wanamhitaji. Ila Sema ana adui. Akili hana. Kinachomshinda Akili kiko ndani yake mwenyewe, ni jambo ambalo bado hajalijua, na kesho atakuwa amelijua. Kwa mtoto wa miaka minne ushujaa huo ndio ulio karibu na mkono wake.

Nitamkosoa kidogo, kwa kuwa nampenda. Akili anaishi chini ya Kilimanjaro, lakini sehemu kubwa ya hadithi zake hutokea usingizini. Mchana wake nyumbani hupita upesi, na Lala Land ndiyo inayochukua muda. Naelewa sababu yake: ndoto inafaa kwa mtoto wa Kigali na wa Kano vilevile, na kipindi hiki kimekwenda mbali, kimetafsiriwa hata kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kihausa. Lakini mimi ni mtu wa Kibosho, na nina njaa ya ule mchana.

Wajapani walituonyesha mfano. Mwaka 1974 walianza kurusha katuni ya Heidi, msichana yatima anayelelewa na babu yake katika milima ya Uswisi, kutoka kwenye riwaya ya Johanna Spyri. Mwongozaji alikuwa Isao Takahata, na Hayao Miyazaki ndiye aliyepanga picha. Kabla ya kuchora, mwaka 1973, walisafiri hadi Uswisi. Walitazama nyumba, malisho na vijiji kwa macho yao. Matokeo yake ni vipindi 52 ambavyo ukivitazama unajua mbuzi wa kule wanapandaje mteremko na mkate huokwaje. Binti wa mlimani alipata mlima wake.

Wetu naye apate wake. Hebu fikirini nini kipo hapa kwa mtoto anayeuliza. Kuna kihamba, shamba la ghorofa: miti mirefu juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi chini ya yote, na ng'ombe zizini akila majani ya migomba. Ni somo la kupanga vitu kutoka kirefu hadi kifupi ambalo hakuna mchoraji angelibuni vizuri zaidi. Kuna mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu zetu kutoka kwenye mito ya juu msituni na kupitishwa ubavuni mwa kilima bila pampu, bila mabomba. Mtoto akisimama mahali fulani huona kama maji yanapanda mlima. "Maji haya yanakwenda juu au chini?" Swali hilo lingetosha kipindi kizima. Na maji yale yana zamu: familia hii asubuhi, ile jioni. Hapo kuna hesabu, kuna saa, kuna haki.

Kuna simulizi la Kibo na Mawenzi. Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, akiutupa wake njiani ili apate sababu ya kurudi, hadi Kibo akakasirika na kumpiga, na ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka na kuvunjikavunjika. Watoto wangu darasani hulijadili kila mwaka: wengine wako upande wa Mawenzi kwa sababu alikuwa mpweke tu. Kuna komba pia. Usiku hulia kama mtoto mchanga, na hilo ndilo lililompatia jina lile la Kiingereza analoitwa rafiki yake Akili. Sisi tulitishwa kwa sauti ile ili tulale. Binti yangu akiisikia husema, "Huyo ni Bush Baby," na anageukia upande wa pili.

Na kuna theluji. Mwaka 1912 barafu ya Kilimanjaro ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 zilibaki chini ya 2. Mimi niliuliza kwa nini theluji iko juu. Watoto wa leo wanaouliza wanaanzia mahali pengine: inakwenda wapi? Wanauliza wakiwa na miaka minne, mitano, kwa sababu wazee wanapotazama mlima asubuhi huguna na kutikisa kichwa, na mtoto anaona. Swali hilo ni zito kwa umri huo, lakini limeshaulizwa, na haliwezi kurudishwa. Naamini Akili angeweza kulibeba. Angelisema kwa maneno yake machache, angemgeukia mtoto, na angesubiri.

Basi haya ni maombi yangu, na yapo mawili. Kwa wazazi: msimwachie Akili kazi yote. Kaeni chini pamoja na mtoto wakati wa kipindi, hata kama ni mara moja kwa wiki, na Akili akinyamaza, nanyi nyamazeni. Msimjibie mtoto. Ikiwa nyumbani hakuna televisheni, mnao ungo na maharage, na mnayo "hadithi, hadithi."

Kwa wachoraji wa Ubongo, kama maneno haya yatawafikia yakiwa yamechapwa: njooni Kibosho. Njooni Januari au Februari, wakati Kibo haijajifunika. Nitawatembeza kihambani na kuwapandisha hadi kwenye banio la mfongo, na mtori utakuwa jikoni mkirudi. Binti yangu sasa yuko sekondari. Amesema atawaonyesha nyumba ya Akili, ambayo alishaamua iko wapi tangu ile asubuhi aliyoacha uji mezani. Iko ng'ambo ya mto, upande wa Uru, kwenye kona ya barabara ambapo mlima unaonekana wote.